Kila Jumamosi sio fainali

Wadau wa baiskeli habari za wikiendi. Leo naandika kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeokoa goti langu na karibu mwaka mzima wa kuumia bure, kwahiyo we unayeanza kupanda baiskeli ya mbio hapa Dar naomba usome mpaka mwisho.

Mi nilikuwa hivi. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunakutana Mwenge, tunapiga Bagamoyo Road mpaka Bunju na kurudi, na lazima niwe wa kwanza kufika. Mtu akinipita pale Tegeta moyo unaniuma mpaka jioni. Jumanne nakaza, Alhamisi naenda Kigamboni nakaza, Jumapili mwili unaomba poo na bado nakaza. Nikaamini ndo mazoezi. Afu mwezi wa nane tukapanga safari ya Morogoro, kilomita kama 190, safari niliyoisubiri mwaka mzima, nikaishia Chalinze. Miguu haina kitu, goti la kulia linawaka kama mtu kalipaka pilipili kwa ndani, nimekaa chini ya mti na chupa ya maji yaliyopata moto nawaangalia watu niliokuwa nawaacha kila Jumamosi wanapita mmoja mmoja wananipungia mkono. Nililia, sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata nikampelekea fundi wangu baiskeli, mzee wa siku nyingi sana kwenye hii kazi. Nikamwamkia, akaitoa cheni, akailaza kwenye kiganja akaipinda kwa pembeni ikalala kama uzi, akaniwekea mpya pembeni yake nione tofauti. Akaniambia, "Dogo, cheni yako imevutika, na wewe umevutika hivohivo. Kwani kila Jumamosi fainali?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nisipokaza nguvu ntazipata wapi?" Akasema nenda kaangalie wanaolipwa wanavyoishi mwaka wao, afu urudi tuongee.

Nikaenda kuangalia kweli, na nilichokiona kilinibadilisha.

Timu za ligi ya juu duniani ziko 18, na kila moja ina waendeshaji kama 30 hivi. Msimu unaanza Januari kule Australia, unaingia Ubelgiji mwishoni mwa Februari kwenye baridi na barabara za mawe, Machi kuna Milan-Sanremo ya karibu kilomita 300 kwa siku moja, Mei Giro d'Italia, Julai Tour de France, Agosti mpaka Septemba Vuelta ya Hispania, na mpaka Oktoba bado kuna Il Lombardia. Zile tatu kubwa, Giro, Tour na Vuelta, kila moja ina hatua 21, yaani siku 21 za mbio na kila siku ina mshindi wake, wiki tatu mtu yuko juu ya siti. Sasa unadhani mtu mmoja anazikimbia zote kwa nguvu ileile? Hakuna. Timu inajigawa vikosi, wiki hiyohiyo wengine wako Italia, wengine Ufaransa, wengine wako mlimani wanafanya mazoezi kwenye hewa nyepesi, na wengine wako nyumbani wamelala na hakuna anayewaita wavivu. Kwenye Tour de France timu inapeleka watu 8 tu. Na kila mtu anajua tangu Desemba, kambini, mwaka huu yeye mbio zake ni zipi, na zipi anaenda kumtumikia mwenzake, kumvunjia upepo ili mwenzake ashinde.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa ndugu yetu Biniam Girmay wa Eritrea. Machi 2022 alishinda Gent-Wevelgem, mbio ya siku moja kule Ubelgiji, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa ya namna ile. Wiki iliyofuata ilikuwa Ronde van Vlaanderen, mbio ambayo Wabelgiji wanaiheshimu kama sikukuu, na watu wote wakawa wanamuuliza utakimbia? Hakukimbia. Mpango wa mwaka ulisema baada ya pale anarudi Asmara kwa mke wake na mtoto, na akarudi. Mei hiyohiyo akashinda hatua ya Giro. 2024 akachukua hatua 3 za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Yaani ile njaa ya kusema "nimewaka, acha niendelee" aliishinda akiwa na miaka 21, na mi mtu mzima ilikuwa inanishinda kwa safari ya Bunju!

Kwahiyo nikakaa chini nikaupanga mwaka wangu upya, na nakushauri na wewe ukae. Chagua vitu viwili tu kwa mwaka ambavyo kweli unavitaka. Sio vitano. Mi nilichagua Morogoro mwezi wa nane na safari moja ndefu mwezi wa kumi kabla vuli haijachanganya. Hapa kwetu hali ya hewa yenyewe inakupangia, masika ikiingia mwezi wa tatu mpaka wa tano acha kushindana na barabara, dimbwi huoni kina chake na shimo la Dar halina huruma, ule ndo muda wa kupumzika, kufanya mazoezi ya mgongo na magoti nyumbani, kubadilisha cheni na waya za breki. Mwezi wa sita kibaridi kikianza unajenga taratibu, vilima vya Pugu mpaka Kisarawe mara moja kwa wiki, sio kila siku. Wiki ya mwisho kabla ya safari punguza kabisa. Utajisikia kama unapoteza nguvu, vumilia tu, miguu ndo inajaa.

Na kula! Wale wa kulipwa wanakula juu ya baiskeli tangu saa ya kwanza, hawasubiri njaa. Mi natembea na tende, ndizi mbivu mbili, na chupa moja ya maji yenye sukari na chumvi kidogo na ndimu. Kila nusu saa kitu kinaingia mdomoni hata kama sitaki. Chalinze ile asilimia kubwa ilikuwa njaa, sasa hivi najua.

Septemba 2025 nikapanda basi mpaka Kigali kuangalia mashindano ya dunia, mara ya kwanza yamefanyika Afrika. Pale wanakimbia kwa nchi sio kwa timu zao za mwaka mzima, ila kazi ni ileile. Nilisimama Kimihurura kwenye kile kilima cha mawe. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, kila mtu anajua, ila mi nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa amevuta kundi mbele raundi nyingi kwa ajili ya kiongozi wake, akapita tena peke yake polepole, chumvi imekauka nyeupe kwenye kamba za helmeti, midomo imepasuka, afu akasogea pembeni akashuka. Watu wakampigia makofi kama mshindi. Kilomita 267.5 zile walimaliza watu 30 tu, na wengi walioshuka walikuwa wameshamaliza kazi yao kabla ya mstari.

Siku hizi Jumamosi tukigeuza Bunju upepo wa kusi unatupiga usoni mpaka Mwenge. Kuna dada mmoja mgeni kwenye kundi, analenga Morogoro kwa mara ya kwanza. Namwambia dada kaa nyuma yangu, karibu, tairi lako na langu iwe kama urefu wa mkono, usiangalie tairi angalia mgongo wangu, mi navunja upepo we tunza miguu. Tukifika Mbezi Beach nasogea pembeni nimechoka mimi, yeye anapita na wale wa mbele, na natamani ungeuona uso wake akigeuka kunipungia mkono.