Leo umeshika simu ngapi?

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, wageni walikatazwa kuingia wadini kwetu, nami nikawa mshika simu. Mei, Mji wa Kale hapa Mombasa ulipofungwa, ndugu wa wagonjwa wa huko hawakuweza kufika hata getini. Basi namshikia mzee simu azungumze na wanawe, nami nasikia yote. Watu wanatakana radhi ya miaka. Mmoja alielekeza ziliko hati za shamba, tena taratibu, kwa pumzi ya kuazima. Simu inakatika, nabaki nimeishika, jasho ndani ya mavazi ya kinga likishuka hadi viatuni.

Wenzangu walisema nina sauti ya upole, kwa hiyo kazi ikawa yangu kila zamu. Sikukataa. Navuka feri kwenda Likoni, naoga kabla ya kumgusa mtu, nalala chumba cha peke yangu. Mume wangu akiuliza habari za kazi, njema. Wiki zikapita, hata simu yangu ikilia mikono inatetemeka. Siku moja mama alipiga mara nne, sikupokea.

Aliyenishtukia ni sista mmoja mtu mzima. Aliniuliza, "Leo umeshika simu ngapi?" Nilianza kuhesabu, nikashindwa kwa kilio.

Tangu hapo tuligawana: kila mtu simu moja kwa zamu. Ukimaliza unatoka nje robo saa, unakunywa chai, mwenzio anakuangalizia wagonjwa. Kabla ya kwenda nyumbani tunasimuliana kidogo. Siku tulizokuwa wachache mpango ulivunjika; kesho yake tukaanza upya. Ukiwa wadini sasa, anza na hilo, usingoje barua ya mkubwa. (Na nyinyi wakubwa, semina ya msongo wa mawazo asubuhi baada ya zamu ya usiku ni adhabu. Mwacheni mtu akalale.)

Chai ina mipaka yake, lakini. Usingizi ukikataa wiki mbili, au ukianza kuona heri ufe, mwone daktari wa akili, upesi. Mimi nilikwenda hospitali nyingine kabisa, nikiogopa wenzangu wasione faili langu. Ukiwa na aibu kama yangu, nenda mbali, ila nenda.

Mama nilimpigia siku ya pili. Alinigombeza karibu nusu saa. Sikukata.