Kwa wasimamizi wapya wa ghala: kaangalie mwenyewe kwanza

Wadogo zangu mliokabidhiwa makuli msimu huu wa korosho hapa Mtwara, hongereni. Kazi hii nimeifanya miaka 19, na kila msimu nikiletewa vijana wapya huwasimulia habari za mtu wa mbali kabisa na korosho: Richard Winters, luteni wa askari wa miamvuli wa Marekani.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, aliruka kutoka kwenye ndege juu ya Normandy, Ufaransa. Mfuko wenye silaha yake ukamkatika mguuni angali hewani, akatua gizani na kisu tu. Ndege iliyombeba mkuu wa kombania yao, yaani kikosi chao, ilidunguliwa, na watu wake wametawanyika mashambani. Akaanza kuokota askari mmoja mmoja njiani, wakiwamo wa vikosi vingine, akajipatia silaha, na kulipokucha yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kombania.

Asubuhi hiyo akaagizwa kunyamazisha mizinga ya Wajerumani pale Brécourt, iliyokuwa ikipiga kuelekea ufuko wa Utah ambako Wamarekani walikuwa wakishuka kutoka baharini. Alikuwa na watu 12 hivi. Wajerumani walikuwa kama 50. Hapa naomba msome polepole. Kabla ya kumtuma yeyote, alinyemelea mwenyewe kuchungulia mahali penyewe. Aliporudi akawaambia waache mizigo yote, wabaki na silaha, risasi na mabomu ya mkono. Bunduki za rashasha akaziweka mahali pa kuwabana adui wasiinue vichwa, wachache akawazungushia ubavuni, kisha akaingia na watu wake. Mzinga wa kwanza ulipotekwa, handaki lililouunganisha na mingine likawa njia yao ya kuufikia wa pili. Mizinga yote 4 ikaharibiwa, na humo handakini Winters akaokota ramani ya mizinga ya Wajerumani katika eneo lile. Walimtunuku nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la nchi yake.

Wengi wakiisikia habari hii hushika pale alipoingia handakini. Mimi nimeshika pale alipochungulia, na nina sababu.

Msimu wangu wa pili, mvua ilinyesha usiku kucha na paa likavuja. Gunia zilipaswa kushushwa haraka kabla korosho hazijalowa. Nikasimama mlangoni na tochi, nikapaza sauti: "Pandeni, shusheni!" Hakuna aliyesogea. Kuli mmoja, mzee wa Kimakonde, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umepaona?" Nikaona aibu, nikaenda. Nilipoinama na kumulika chini nikakuta chaga, ile fremu ya mbao inayobeba gunia, limevunjika, safu nzima imelalia upande mmoja, na gunia la katikati limechanika, korosho zinadondoka moja moja kwenye maji. Gunia moja ni kama kilo 80. Wangepanda kama nilivyoamuru, zingewaangukia. Tukaweka magogo ya kuegemeza, tukaanza kushusha upande wa pili, mimi nikiwa juu pamoja nao. Usiku ule ndipo walipoanza kuniita kiongozi wao.

Lakini msidhani basi kila mahali mkimbilie nyie. Januari 1945, pale Foy nchini Ubelgiji, Winters alikuwa ameshapanda cheo, anaongoza batalioni, yaani kombania kadhaa kwa pamoja. Kombania yake ya zamani ilikwama uwanjani, imeganda chini ya risasi. Akashika bunduki, akaanza kwenda kuwaokoa mwenyewe. Akajizuia, kwa sababu batalioni nzima ilikuwa mikononi mwake. Akageuka, akamwona Luteni Ronald Speirs, akamwamuru akaichukue kombania ile. Kijiji kikatekwa. Kwangu hili linanigusa kuliko hata Brécourt, maana kumwachia mwenzako kazi unayoipenda, tena watu wako wanaumia, ni kugumu mno. Mkishapewa maghala mawili matatu mtanielewa.

Basi malori kutoka Newala yataanza kuingia Jumatatu. Njoo saa kumi na moja alfajiri, makuli hawajafika. Vaa viatu vya kufunika vidole, chukua tochi yako mwenyewe, tuzunguke pamoja. Tutapiga magoti kila safu, tukague chaga moja baada ya nyingine.