Hesabu za Likizo Zisizohitaji Daftari

Shule zikifungwa, wazazi wengi tunakimbilia kitabu cha mazoezi: kurasa mbili kila asubuhi kabla ya kucheza. Haichukui muda kabla kitabu hicho hakijageuka chanzo cha ugomvi. Nyumbani kwangu kilichosaidia ni michezo, kwa sababu mtoto anayetaka kushinda hupiga hesabu nyingi kuliko anayetaka kumaliza ukurasa, tena bila kusukumwa.

Ninaoupenda kuliko yote hauhitaji kifaa chochote. Wawili mnaanzia sifuri na kuongeza kwa zamu, kila mmoja 1 au 2 tu, na atakayeitaja 20 ndiye mshindi. Mwanzoni binti yangu alikuwa akitaja namba yoyote inayomjia. Baadaye akawa ananyamaza tukikaribia mwisho, midomo ikichezacheza, hadi siku aliponiambia, "Mama, nikishika 17 hunipati tena." Na ni kweli: nikitaja 18 au 19, yeye anaifikia 20. Nikamwuliza, "Sasa ili ushike 17, kabla yake ushike ipi?" Akarudi nyuma mwenyewe: 14, 11, 8, 5, 2. Mtoto akishaigundua siri hiyo, ruhusuni kuongeza hadi 3. Namba za kushika zitakuwa 4, 8, 12 na 16, na hapo atakutana na tebo ya 4 bila kuambiwa aikariri.

Dadu mbili nazo zina utamu wake. Kila mchezaji achague jumla moja, kuanzia 2 hadi 12, kisha mrushe na kuweka alama kila jumla inapotokea. Watoto hupenda kuchagua 12 kwa kuwa ni kubwa, ilhali inapatikana kwa 6 na 6 peke yake, wakati 7 ina njia 6 kati ya 36. Usimweleze mapema. Mwache aone alama za 7 zinavyorundikana, aulize kwa nini.

Kwa kuzidisha, tumia karata zilizoondolewa picha: fungueni mbili, wa kwanza kutaja jibu azichukue. Hapa naomba uangalifu, maana mchezo wa kasi humvunja moyo mdogo anayeshindana na kaka au dada yake. Mkubwa azidishe, mdogo ajumlishe, na kila mmoja awe na karata zake.

Mtoto akijibu, muulize "umejuaje?" hata akiwa amepatia. Kujumlisha 29 na 16, mmoja ataazima 1 apate 30 na 15, mwingine atajumlisha makumi kwanza. Maelezo hayo yanakuonyesha anavyofikiri, jambo ambalo alama ya vema haikuonyeshi. Na acheni angali anataka kuendelea. Robo saa inatosha kabisa.

Safarini au kwenye foleni, fikiria namba kati ya 1 na 100, naye aulize maswali ya ndiyo au hapana. Watoto huanza kwa kubahatisha: "Ni 37?" Endelea kucheza tu. Kuna siku atauliza, "Inazidi 50?", kisha, "Inazidi 75?", na akishikilia kugawa nusu kwa nusu hivyo, maswali 7 yatamtosha kuipata namba yoyote utakayoficha.