Kumfundisha mtoto kuchora senene: anza na aliyenyonyolewa

Wazazi wengi wananiuliza hawa watoto wadogo unawafundishaje kuchora mdudu mpaka akaeleweka, maana wao wakijaribu nyumbani mtoto anapiga duara moja, anajaza miguu pande zote, halafu anasema amechoka. Banange, hii kitu haitaki kipaji wala hela. Inataka mdudu ambaye mtoto anamjua vizuri, na kwa hapa Uganda mi sioni wa kumshinda senene, yule panzi wa kuliwa.

Mtoto wa huku senene amemshika kwa vidole vyake. Msimu ukifika, ule wa Novemba na Desemba au ule wa Aprili na Mei, wenye mitego wanawasha mataa makali juu ya mabati na mapipa, Masaka ndo usiseme, na asubuhi mfuko ukifika nyumbani watoto wote mnakalishwa chini kunyonyoa. Mabawa unatoa, miguu unatoa, zile papasi ndefu za kichwani unatoa, mwili unaingia kwenye beseni kusubiri sufuria. Sasa mi nikiwa nafundisha nawaambia hivi, leo tunamchora yule wa kwenye beseni halafu tunamrudishia vitu vyake kimoja kimoja. Wanacheka mpaka wanalala chini, ila hapo kazi yote wameshaielewa na mimi bado sijagusa penseli.

Kwa hiyo cha kwanza ni mwili peke yake, mrefu, umelala, kama ndizi ndogo zile tamu za sukari. Mtoto wa miaka mitatu duara anaweza, basi mwambie alivute liwe refu, likipinda liache lipinde. Mbele jicho moja kubwa kupita kiasi na doti ndani. Mdomo auchore anavyotaka, wengi watamwekea meno, mwache awe na meno, hii ni katuni.

Miguu ndo kazi. Ukisema tu "mchoree miguu sita" mtoto ataipanga kuanzia kichwani mpaka mkiani, na wakubwa pia wanafanya hivyo hivyo msijidanganye. Mi siwaambii kitu, nauliza tu, ulipokuwa unanyonyoa mguu ulikuwa unang'oka wapi? Wanafikiri kidogo, wengine wanachezesha vidole hewani kabisa, halafu wanaonyesha hapa mbele, nyuma ya kichwa. Sawa sawa, kwenye kifua, miguu yote sita ya mdudu inatokea hapo na tumbo linabaki tupu. Tunakata ndizi yetu kwa mistari miwili, kichwa, kifua kafupi, tumbo refu, na kuanzia hapo mtoto anajua miguu inakaa wapi hata ukimpa nyuki au siafu.

Halafu ule mguu mkubwa wa nyuma, wa kurukia. Huo ndo senene mwenyewe, mengine yote yakienda vibaya na huo ukakaa vizuri mtu atamjua. Shida ni kwamba kona kali inamsumbua mtoto mdogo, pembetatu wengi wanaiweza wakikaribia miaka mitano, sasa wa miaka mitatu minne usimpigie kelele. Chukua kijiti cha ufagio, kikunje katikati kisikatike kabisa, kiweke juu ya karatasi goti likiwa juu, mwambie apitishe krayoni pembeni yake. Akishaona goti, mwambie alipandishe zaidi, lipite mgongo, hapo ndo katuni inaanza, unachukua kitu kimoja cha mdudu unakizidisha. Kuna katoto ka jirani kalipandisha goti mpaka karatasi ikaisha, kakaendelea kwenye sementi ya baraza, kakageuza kona huko huko na kushuka tena mpaka kwenye karatasi. Sikakataza. Yule senene angeruka angefika Entebbe.

Papasi mziache ndefu, ndefu kuliko mwili wenyewe, na hapo sitanii, senene ndivyo alivyo, yule panzi wa kawaida ndo mwenye fupi. Bawa moja refu mgongoni linatosha akichorwa kwa ubavu. Rangi kijani au kahawia, na wachache wa zambarau wapo pia kwa hiyo mtoto akichagua zambarau msimsahihishe bambi.

Vifaa msihangaike navyo, krayoni nene, hata zilizovunjika ni nzuri zaidi kwa mkono mdogo, na makaratasi ya fotokopi yenye upande mmoja mtupu. Raba ficha. Mtoto akiona raba atafuta mpaka karatasi itoboke na senene hatamaliza. Na wewe mkubwa chora kwenye karatasi yako, mstari mmoja, subiri wote wafike, mstari mwingine. Mkono wako usiende kwenye karatasi ya mtoto. Kuna mama huwa anakuja kumshika mtoto mkono "ili itoke vizuri", inatoka vizuri kweli, ila ni ya mama. Dakika kumi na tano mwisho, baada ya hapo wanaanza kula krayoni.

Kitu kingine, Baganda wana ukoo wa Nsenene na wenye ukoo huo hawamli, kwa hiyo ukiwa nao kwenye kundi hizi habari za beseni zipunguze. Kuna mmoja aliniambia, "Anti, wangu umrudishie miguu haraka, mi simli." Kwa hao tafuta senene mzima, muweke kwenye chupa inayoonyesha ndani, wamtazame wote kwanza halafu aachiwe aende zake.

Msimu ukiwa umeisha au watoto wamemchoka senene, nenda kwa kumbikumbi. Mwili mfupi, mabawa manne marefu yanayolingana, goti la kuhangaisha hana, na kunyonyoa wala hakuhitajiki maana mabawa anayaangusha mwenyewe, watoto wanayaokota mlangoni asubuhi baada ya mvua. Wangu huwa wanayabandika yale yale kwenye karatasi kwa gundi, wanachora mwili tu katikati.