Seli shina na mfupa wa jino uliolika

Umeuliza kama seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinaweza kurudisha mfupa na fizi zilizoliwa na ugonjwa wa fizi. Uwezekano upo, ila kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya utafiti. Mwaka 2004 watafiti walieleza kuwa seli hizo zimo ndani ya nyuzi zinazolishikilia jino kwenye taya. Huweza kuchukuliwa hata kwenye gego lililong'olewa. Kuotesha mfupa peke yake hakutoshi: nyuzi mpya lazima zishike mfupa upande mmoja na mzizi upande wa pili, la sivyo jino halina nanga. Japani wameshajaribu kwa wagonjwa wachache, wakipandikiza seli zilizokuzwa kama utando mwembamba. Lakini usisubiri, tafadhali. Kaondolewe ukoga mgumu sasa, maana mfupa hulika kimya kimya.