Kupanga Taa za Uani Jangwani: Chagua kwa Jua, Panga kwa Giza

Anayeishi jangwani huutumia ua wake hasa baada ya magharibi. Mchana hapakaliki, jioni ndipo viti vinapotolewa nje, watoto wakacheza, na mazungumzo yakaendelea hadi usiku mwingi. Kwa hiyo taa za uani huko si pambo la kuwashwa siku ya wageni, bali ni vifaa vya kazi ya kila siku. Katika kupanga taa za ua wangu, na kuwasaidia jamaa na majirani kupanga za kwao, nimeona kwamba nyingi huharibiwa mchana zikiwa zimezimwa, na kwamba kero zake za usiku karibu zote hutokana na mwanga kuwa mwingi kupita haja. Ndiyo maana nashauri taa ichaguliwe kwa kulifikiria jua, kisha ipangwe kwa kulifikiria giza.

Tuanze na jua. Tazama taa ya plastiki iliyochomekwa ardhini tangu misimu miwili ya joto iliyopita: kioo chake cha plastiki kimekuwa cha manjano na hakipitishi mwanga vizuri, na ukiubinya mguu wake kwa kidole gumba unapasuka na kukuachia unga mweupe kidoleni. Hiyo ni kazi ya miale ya urujuanimno, ambayo hukatakata minyororo ya kikemikali inayoishikilia plastiki. Alumini iliyopakwa rangi ya unga na kuchomwa kiwandani hustahimili zaidi, na shaba hustahimili kuliko zote ingawa rangi yake hubadilika. Kioo halisi ni bora kuliko kioo cha plastiki. Mwili wa taa ukiwa wa rangi nyepesi, haunyonyi joto jingi kama mweusi, jambo ambalo lina maana pia kwa mtoto atakayeigusa alasiri.

Joto lina madhara mengine yasiyoonekana. Watu husifu taa za LED kwa kudumu muda mrefu, na ni kweli kijiwe chenyewe kinachotoa mwanga hudumu, lakini kinachokufa mapema ni kile kisanduku cha elektroniki kinachokilisha umeme. Ndani yake mna kapasita, yaani vipande vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, zenye maji ya kemikali, na mafundi hukadiria kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hizo hupungua karibu nusu. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta kwenye kibandiko herufi ndogo “ta” ikifuatwa na namba. Hiyo ndiyo joto la juu la mazingira ambalo taa ilikusudiwa kufanyia kazi, na kwa viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya vifaa vya umeme, taa isiyo na alama hiyo huhesabiwa kuwa ya nyuzi 25 tu. Muuzaji anaweza kukujibu kwamba taa huwaka usiku, wakati wa baridi. Jibu hilo ni nusu tu, kwa sababu ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto saa kadhaa baada ya jua kuzama, na saa hizo ndizo unazowasha taa. Mimi hutafuta yenye namba 40 au 50, na transfoma, kifaa kinachopunguza volti za umeme wa nyumba kwa ajili ya taa, huiweka kwenye ukuta unaotazama mashariki au chini ya paa, ambako jua la alasiri haliifikii.

Vumbi nalo lina namba yake. Katika alama ya IP, inayoandikwa kwenye taa kuonyesha kinga yake, tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili huhusu maji. Wauzaji hupenda kuizungumzia ya pili, lakini kwa jangwani anza na ya kwanza, ambayo inapaswa kuwa 6, yaani vumbi haliingii kabisa. IP65 yatosha kwa taa ya ukutani. Kwa taa iliyozikwa ardhini chukua IP67, inayovumilia kuzama kwa muda katika maji yasiyozidi kina cha mita moja, kwa kuwa shimo lake hujaa maji siku mvua ya ghafla inaponyesha. Kumbuka kwamba hewa iliyo ndani ya taa hutanuka mchana na kusinyaa jioni, na mpira wa kuziba ukiwa umekauka na kupasuka, kila jioni taa hujivutia vumbi kidogo ndani. Mpira wa silikoni hustahimili joto hilo kuliko mpira wa kawaida.

Wengi wataniuliza kuhusu taa za sola, maana jua ni jingi. Jua ni jingi kweli, lakini paneli hupoteza takribani asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja juu ya 25, hivyo paneli iliyofikia nyuzi 65 hupungukiwa na asilimia 12 hadi 20, kabla hujahesabu vumbi lililotanda juu yake. Tatizo kubwa zaidi ni betri. Katika zile taa ndogo za bei nafuu, betri imebanwa chini ya paneli hiyo hiyo, mahali penye joto kuliko pote. Ukitaka sola, tenganisha: paneli ikae juani, na betri, afadhali ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ikae ndani ya sanduku kivulini. Paneli isafishwe asubuhi mapema, kwa maji kwanza na kitambaa laini baadaye, kwani kusugua mchanga mkavu ni kuukwaruza uso wa kioo.

Kwa ua wenye umeme wa nyumbani karibu, napendelea mfumo wa volti ndogo, wa 12 au 24, unaolishwa na transfoma. Hapa ndipo wengi huokoa fedha mahali pasipofaa, yaani kwenye waya. Chukua taa zenye jumla ya wati 60 zilizo mita 30 kutoka kwenye transfoma ya volti 12. Mkondo ni ampia 5, nao husafiri mita 60 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, zaidi ya volti 2 hupotelea njiani, na taa ya mwisho hupata chini ya 10. Utaiona imefifia huku ya kwanza iking'aa. Mzigo uo huo ukilishwa kwa volti 24 hupoteza kama volti 1.1, ambayo haifiki asilimia 5. Ukibaki na 12, tumia waya mnene zaidi, au weka transfoma katikati ya ua badala ya pembeni ili kila upande uwe mfupi.

Waya upite ndani ya bomba, hata kama kifurushi kinasema unaweza kuzikwa mtupu. Upepo huhamisha mchanga na kuufunua, na panya wa jangwani hutafuna chochote. Udongo wa maeneo makavu mara nyingi una chumvi nyingi, nayo hula viungo vya shaba, kwa hiyo tumia viungio vilivyojazwa jeli badala ya kuviringisha waya na kuufunga kwa utepe. Kabla ya kuchimba, chunguza njia ya maji ya mvua. Ua unaoonekana tambarare huwa na mkondo wake, na ukitazama vizuri utaona changarawe zilivyojipanga kuufuata. Taa isiwekwe hapo. Umeme mkubwa wa nyumba, ikibidi kuutoa nje, ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa, na uwe na kikata umeme kinachojizima mkondo unapovuja kufikia miliampia 30.

Sasa giza, ambalo ndilo nalipenda zaidi kulizungumzia. Mwanga wa mwezi mpevu haufiki hata luksi moja (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), lakini juu ya mchanga mweupe na katika hewa kavu mtu hutembea bila kujikwaa. Mchanga na kuta za rangi nyepesi hurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo kiasi kinachopendekezwa kwa bustani yenye majani na udongo mweusi huwa kingi mno huku. Kwa njia ya miguu naona lumeni 100 (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) kwa kila taa zinatosha, na mara nyingi hata hizo huzipunguza.

Usinunue taa yoyote kabla ya kufanya jaribio. Chagua usiku usio na mwezi, zima taa zote za nyumba, keti mahali utakapokuwa ukikaa, na usubiri dakika 20 hadi 30 macho yalizoee giza. Kisha mtu mwingine achukue tochi na kuishika pale unapofikiria kuweka taa: chini miguuni mwa mtende, nyuma ya mshubiri, kwenye ngazi. Utaona mambo ambayo mchoro hauonyeshi. Mpungate ulioangazwa kutoka mbele huonekana bapa na hauna mvuto, lakini tochi ikihamishiwa nyuma yake, karibu na ardhi, kila mwiba huchorwa kwa mstari wa mwanga na ukuta hupata kivuli kikubwa chenye umbo. Mimea ya jangwani hukua polepole, kwa hiyo taa uliyoielekeza vizuri haitahitaji kusogezwa upesi. Weka jiwe kila mahali palipokupendeza, na kesho yake uhesabu mawe. Aghalabu ni machache kuliko orodha uliyokuwa umeandika.

Kanuni ninayoishikilia bila kulegeza ni kwamba aliyeketi asikione chanzo cha mwanga. Balbu moja ikimpiga machoni, mboni husinyaa, na sehemu nyingine yote ya ua inakuwa nyeusi. Watu hudhani mwanga hautoshi, wakaongeza taa nyingine, na mambo yakazidi kuharibika. Taa iwe na kofia inayoelekeza mwanga chini. Mji wa Flagstaff, huko Arizona, Marekani, ulipiga marufuku taa za matangazo za kumulika angani tangu mwaka 1958 kwa ajili ya wataalamu wa nyota. Kwa mwenye ua, faida iko karibu zaidi: anga la jangwani lenye nyota ni sehemu ya ua wake, na ni hasara kulifuta kwa taa ya jirani wa ukuta au yake mwenyewe.

Rangi ya mwanga iwe ya joto, yaani ya kuelekea manjano, kelvini 2700 au chini (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikiwa ndogo mwanga huwa wa manjano zaidi), na palipo na wadudu wengi 2200 au rangi ya kaharabu. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wenye samawati na urujuanimno, nao wakija huja na wanaowala: mijusi, buibui na nge. Kwa sababu hiyo sipendi taa juu kabisa ya mlango. Iwe mbali kidogo, ielekezwe mlangoni. (Nge hung'aa kijani-samawati akimulikwa tochi ya urujuanimno, kwa hiyo tochi hiyo inastahili kuning'inia karibu na mlango, ingawa si taa ya kupanga.) Mimea inayochanua usiku iachwe gizani. Saguaro, mipungate mirefu ya jangwa la Sonora lililoko Marekani na Meksiko, hufungua maua yake usiku na kutembelewa na popo, ambao huenda wakaukwepa mti ulioangazwa.

Swichi ziwe za makundi: meza peke yake, njia peke yake, mimea peke yake, kwa taima inayozima mimea wakati wa kulala. Sensa ya mwendo inafaa langoni, lakini zipo zinazotambua joto la mwili, na hewa ikikaribia joto hilo huona vibaya. Ijaribu usiku wenye joto kali kabla ya kuitegemea kwa ulinzi. Transfoma nayo isijazwe: jumla ya taa ikiwa wati 48, nunua ya 60, na uifungue kila baada ya dhoruba ya mchanga kuondoa vumbi kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa.