Hiyo ratiba ya "michezo ya kielimu" ichane kabla mtoto hajafika

Mkuu, ichane leo hii. Nimeisoma yote: kadi za herufi saa kumi, vibao vya kuhesabia saa kumi na nusu, "hadithi yenye maswali" kabla ya kulala, na huyo mtoto wa kulea, miaka mitano, anafika wiki ijayo. Unauliza uongeze michezo gani, na wanao wa kuzaa uwashirikisheje. Hakuna wa kuongeza. Ratiba kama hiyo nilikuwa nayo, tena yangu niliipaka rangi.

Aliyeniponza ni mkufunzi mmoja wa semina ya walezi. Alitutangazia kwamba watoto hawa wamebaki nyuma, kwa hiyo kila dakika ya mchezo iwe somo. Sijui kama aliwahi kulala nyumba moja na mtoto wa kulea hata usiku mmoja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sijaona palipoandikwa "huku akihesabu".

Basi nikawa mtihani unaotembea. Kijana niliyeletewa kulea anapanga vibao, mimi: "Vingapi hivyo?" Anasukuma kigari: "Rangi gani?" Anaoga: "Sikio liko wapi?" (Kama hajui lilipo, hilo swali analisikia na nini? Ndiyo hivyo, nilikuwa msomi.) Wiki ya tatu akaacha kucheza kabisa. Anakaa na vitu mbele yake, mikono mapajani, macho usoni kwangu, anasubiri swali. Nikamwambia afisa ustawi mtoto ametulia. Ametulia!

Jioni moja akachanganya saba na tisa. Sikumgombeza, nilisema tu "jaribu tena". Akanyanyuka kimya akaenda chumbani. Nilipomfuata nikamkuta anaingiza nguo kwenye ule mfuko aliokuja nao. Akaniuliza, "Wanakuja kunichukua leo au kesho?"

Alishapita nyumba mbili kabla ya kwangu. Kichwani mwake aliyekosea ndiye anayehamishwa, na mimi kutwa nzima nilikuwa nampima kama abaki au aende. Mfuko ule ulikaa mlangoni miezi, umefungwa tayari. Nilikuwa nauruka kila asubuhi.

Kwa hiyo shika hili moja: usimuulize swali ambalo jibu lake unalijua. "Vingapi?" unajua, funga mdomo. "Soksi ya pili umeiona?" hujui, uliza. Ukishindwa kunyamaza, taja tu unachokiona: "Hicho kikubwa umekiweka chini." Halafu mwache akuongoze yeye.

Kadi nilizitupa kabatini. Tukawa tunakunja nguo pamoja, tunatafuta soksi pacha, tunaosha vyombo. Kuosha vyombo ndiko kulikomrudisha: makopo mawili na beseni, anamimina, anamwaga, sakafu ziwa. Mimi na tambara langu, kimya. Siku moja, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Hiki kidogo mara nne, hiki kikubwa kinajaa."

Nikauma ulimi nisimuulize, "Na vikubwa vikiwa viwili?" Nadhani kovu lipo mpaka leo.